Kila Mwenye Dredi Si Bob: Kumchora Lucky Dube Juu ya Tanga la Jahazi

Swali limetoka Lamu. Msomaji ananiandikia hivi:

"Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni kinyozi hapa Lamu, upande wa Langoni, na kuchora ni kitu ninachokipenda tangu utotoni. Marehemu mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi na alimpenda Lucky Dube kuliko msanii mwingine yeyote. Kanda zake zilisafiri naye chomboni hadi zikaisha sauti. Nimeachiwa kipande kikubwa cha tanga lake. Nataka kumchora Lucky Dube kwa heshima ya wote wawili, ama juu ya tanga hilo nitundike dukani, ama ukutani nje wapita njia wamwone. Mwaka jana nilijaribu ukutani. Baada ya masika rangi ilibanduka vipande vipande, na hata kabla haijabanduka kila aliyepita aliniuliza, 'Huyu Bob?' Nimekosea wapi?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mjomba wako. Umeuliza kwanza habari ya rangi kubanduka, kisha ya sura kupotea. Mimi nitaanza na sura. Rangi ikibanduka utapaka nyingine, lakini sura ikikuponyoka, ukuta uwe mkavu namna gani, utakuwa umemtukuza mtu mwingine.

Sijaiona picha yako, ila nimeziona ndugu zake nyingi: kwenye tuktuk za hapa Malindi, kwenye milango ya vinyozi, kwenye makasha ya spika. Nyingine nimezichora mwenyewe ujanani, kwa hiyo najua zinavyozaliwa. Mchoraji anaanza na nywele, maana mkono unazifurahia. Anazishusha moja moja kama kamba za usumba, anapiga kijani, manjano na nyekundu kwa nyuma, anaweka moshi mdomoni, na mwisho kabisa, katika nafasi iliyobaki katikati, anautafuta uso. Uso uliobanwa katika nafasi iliyobaki hauwi wa mtu. Unakuwa alama tu ya reggae, na alama hiyo watu wameshaizoea kwa jina moja, la Bob Marley. Wapita njia wako hawakukosea, ndugu yangu. Walisoma ulichokiandika.

Sasa Lucky ni nani, kwa macho ya mchoraji? Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1964 huko Ermelo, Afrika Kusini, mashariki ya nchi. Hakuanza na reggae. Alianza na mbaqanga, muziki wa mitaani wa watu wake, akiimba kwa Kizulu, na alikuwa ametoa albamu kadhaa za namna hiyo kabla ya kugeukia reggae mwaka 1984 na Rastas Never Die, kazi ambayo serikali ya ubaguzi wa rangi iliipiga marufuku. Slave ya mwaka 1987 na Prisoner ya mwaka 1989 ndizo zilizomtembeza Afrika nzima, na nadhani ndizo zilizomfikia mjomba wako baharini. Aliuawa kwa risasi tarehe 18 Oktoba 2007 huko Rosettenville, Johannesburg, na watu waliotaka kumnyang'anya gari, muda mfupi tu baada ya kuwashusha watoto wake. Alikuwa na miaka 43. Ukitaka kuandika miaka chini ya picha, basi ni 1964 na 2007. Uihakikishe kwanza kwa penseli, kwani nimewahi kuona mchoraji hodari akiweka mwaka wa Bob chini ya uso wa Lucky.

Na jambo moja ambalo vijana wengi hawalijui: Lucky Dube hakuvuta bangi, hakuvuta sigara, hakunywa pombe, na alilisema hilo waziwazi. Kwa hiyo moshi ule hapana. Ukimwekea moshi umemsingizia mtu ambaye hawezi tena kujitetea. Mpe maikrofoni ikiwa mkono wako hautulii bila kumpa kitu. Mimi ningemwacha mikono mitupu.

Sura zao zenyewe hazifanani hata kidogo ukiziweka bega kwa bega. Bob, ambaye baba yake alikuwa mzungu, alikuwa na rangi ya kahawia nyepesi, uso mwembamba mrefu, mashavu yaliyobonyea chini ya mfupa. Lucky ana weusi uliokolea, uso wake ni mpana zaidi na mashavu yamejaa, na akicheka shavu linapanda hadi linasukuma jicho. Chapisha picha moja ya kila mmoja kwa ukubwa sawa, uzibandike ukutani mbele ya kiti chako, uziangalie siku mbili tatu kabla ya kushika brashi. Wewe ni kinyozi. Unashika vichwa vya watu kila siku, unajua panja linavyobonyea, unajua nyuma ya sikio palivyo, unajua kwamba fuvu la mtu ni kubwa kuliko anavyodhani. Elimu hiyo wachoraji wengi wanaililia. Itumie.

Picha ya kuigia iwe na mwanga unaotoka upande mmoja, dirishani au jua la asubuhi. Picha za jukwaani zinavutia, lakini taa zake nyekundu na za kijani zinauficha uso, na mdomo uliofunguka kwa wimbo unavuta taya na mashavu mpaka hata mamaye angesita kumtambua. Chukua ya utulivu. Na usinakili picha moja ya mpiga picha mmoja mstari kwa mstari, maana ile ni kazi yake na ina mwenyewe. Kusanya nne au tano, ujifunze uso kutoka zote, kisha umweke kichwa utakavyo wewe.

Kuhamisha vipimo, piga miraba. Picha ya sentimita 18 kwa 24 yenye miraba ya sentimita 2 inakupa miraba 9 kwa 12. Kwenye tanga la sentimita 90 kwa 120, kila mraba unakuwa sentimita 10. Hakuna aibu katika miraba. Wakubwa wa kazi hii wameitumia karne nyingi. Lakini kagua kwa jicho pia: macho yanakaa karibu na nusu ya kichwa kizima, kuanzia utosini penyewe hadi kidevuni, si kuanzia pale nywele zinapoonekana kuanza. Hapa ndipo dredi zinapotudanganya. Tunaona lundo la nywele, tunalihesabu kuwa ndio kichwa, macho yanapanda juu, paji linapotea, na mtu anakuwa na uso wa mtoto chini ya kilemba. Chora fuvu zima kwanza, lenye upara, kama vile umemaliza kumnyoa. Dredi zitakuja kukaa juu yake.

Uso usizidi sentimita 45 hivi kutoka kidevuni hadi utosini. Duka la Langoni halina nafasi ya kurudi nyuma, na uso mkubwa mno ukitazamwa karibu unasambaratika.

Nije kwenye ukuta, nipite haraka, kwa sababu ushauri wangu ni uuache. Nyumba zetu za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la tumbawe limetoka baharini na chumvi yake, linafyonza unyevu kutoka ardhini, na ukuta unapumua: maji yanaingia, maji yanatoka. Ukiuziba kwa plasta ya saruji na juu yake rangi ya mafuta, maji hayana pa kutokea. Jua likipiga, chumvi inaganda chini ya rangi, inaumuka, inaisukuma rangi nje. Ukikwangua ukaona unga mweupe kwenye vidole, ndio huo. Basi ikiwa ukuta wako umepigwa saruji, wa kulaumiwa ni saruji, brashi yako haikuwa na kosa. Tena Mji wa Kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na kabla ya kugusa uso wa jengo lolote humo unapaswa kuwauliza watu wa Makumbusho ya Taifa wanaosimamia hifadhi.

Lipo na jambo la majirani, nawe unalijua kuliko mimi. Mafundi wetu wa kale walipamba zidaka na milango kwa maua na mizabibu, hawakuchonga sura ya mtu, na walikuwa na sababu yao ya dini. Wapo wazee hadi leo ambao picha ya mtu njiani, kwenye kichochoro wanachopitia kwenda kuswali, inawakera kwa dhati. Picha ya heshima haitakiwi ianze kwa kumkosea heshima mtu mwingine. Ndani ya duka lako anayeingia ameingia kwa hiari yake.

Kwa hiyo tanga, na nafurahi kusema hivyo, maana hakuna mahali pazuri zaidi pa kumweka. Lamu wapo wasanii wanaochora juu ya matanga makuukuu, na ukiona zile kazi unaelewa kwa nini: kitambaa kimeshapigwa na jua na upepo, kina viraka, kina mishono ya mkono, kina madoa ya kamba. Picha inapata umri siku ile ile inapozaliwa.

Kwanza ujue tanga lako ni la nini. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome. Ukiwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba, yale maradufu ya zamani, na uko salama. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu jeusi, ni uzi wa plastiki, na rangi haitaushika vizuri. Hapo ningekushauri utafute kitambaa kizito cha pamba kwa ajili ya uso, na lile tanga ulishonee pembeni mwa picha kama pindo, mjomba awemo.

Likiwa la pamba, litoe chumvi. Chumvi inaita unyevu kutoka hewani mwaka mzima, na unyevu unaita kuvu. Liloweke kwenye maji matamu usiku kucha, yamwage, uweke mengine, mara tatu au nne. Najua maji ya Lamu yanatoka chini ya michanga ya Shela na si ya kuchezewa, kwa hiyo kama unaweza kusubiri, kinga maji ya mvua. Usitie dawa ya kung'arisha. Inakula nyuzi, na ule weupe uliochakaa ndio unaoutaka. Chunguza madoa ya sifa, yaani mafuta ya papa. Mafuta hayo yakishaingia kwenye kitambaa rangi ya maji haikai juu yake. Osha kwa sabuni na maji ya moto, na doa lisipotoka, lipange liangukie pembeni.

Kabla ya kulikaza, litandike sakafuni ulizunguke. Mishono inapita wapi? Mshono ukipita juu ya jicho, jicho litaonekana lina kovu, na hakuna rangi ya kulificha. Ukipita begani au ndani ya nywele, unakuwa baraka. Kikipatikana kiraka kizuri, kiache kionekane. Halafu lishike kwenye fremu ya mbao kavu iliyonyooka, ukianza kupigilia katikati ya kila upande na kwenda pembeni, kitambaa kilie kama ngoma ukikigonga kwa kidole.

Hapa nina la kuungama. Tanga la kwanza nililowahi kupewa, hapa Malindi, nilipaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya kitambaa kitupu. Ilipendeza sana. Miaka michache baadaye mwenyewe aliniletea: nyuzi zimekauka, zimekuwa kahawia, na nilipolikunja pembeni likakatika mikononi mwangu kama jani la mnazi. Mafuta ya rangi yakikauka ndani ya pamba yanaichoma polepole. Lilikuwa tanga la baba yake yule mtu, na sikuwa na cha kumrudishia. Kwa hiyo nakwambia kwa uchungu: tumia akriliki, rangi ya wachoraji inayozimuliwa kwa maji. Akriliki inavumilia kitambaa kitupu, inanyumbulika nacho, haikiozeshi. Pale uso utakapokaa, paka gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, sehemu moja kwa tano, iache ikauke, kisha mikono miwili myembamba ya rangi nyeupe ya msingi ya wachoraji, ukipitisha msasa laini kati yake. Madukani Mombasa na Nairobi inapatikana. Ukiikosa, rangi nyeupe ya maji iliyo bora itakufaa. Kingo zote ziache tupu, tanga lionekane tanga.

Tufike kwenye weusi wake, ambapo nataka ukae muda mrefu.

Usifungue kahawia ukaipaka, ukatia nyeusi penye kivuli na nyeupe penye mwanga. Ndivyo tulivyofundishana mitaani, na ndiyo sababu watu weusi kwenye kuta zetu wanaonekana kama waliopakwa jivu. Nyeupe ikiingia kwenye kahawia inazaa kijivu mfu. Ngozi nyeusi haifanyi hivyo. Simama mlangoni kwako saa tatu asubuhi, umtazame kijana wa mashua anayetoka jua likiwa ubavuni mwake. Angalia paji lake pale juu kabisa. Mng'ao ule si mweupe. Una buluu, ni mbingu imejiona kwenye ngozi yake. Teremka kwenye shavu, unakuta wekundu wa udongo. Chini ya taya, pale unapotarajia giza, kuna joto la rangi ya zambarau na kahawia, na kama amevaa fulana nyeupe, kidevu chake kinapokea mwanga kutoka chini. Weusi umejaa rangi. Kazi yako ni kuzikubali zilizopo.

Kwa Lucky utahitaji rangi tano tu: kahawia nzito ya udongo, nyekundu ya udongo, manjano ya udongo, buluu nzito, na nyeupe ya kutumia kama chumvi jikoni. Nyeusi ya chupa usiinunue. Changanya kahawia nzito na buluu, utapata nyeusi inayoishi, unayoweza kuipeleka kwenye joto au baridi upendavyo. Anza kwa kupaka uso wote nyekundu ya udongo nyembamba, ikauke, kisha jenga giza juu yake kwa tabaka nyepesi nyepesi, ukiuacha ule wekundu upumue kwenye ukingo wa kivuli. Mng'ao wa paji na wa mwanzi wa pua uwe buluu yenye manjano kidogo na tone la nyeupe, na uwe wa mwisho. Weupe wa macho usiwe mweupe. Uko chini ya kivuli cha kope. Rangi hizi za udongo zina faida nyingine: hazififii. Zile nyekundu na manjano kali za mabango, jua la mlangoni kwako litazila upesi.

Ndiyo maana kuhusu kijani, manjano na nyekundu za nyuma ningekuomba uzipunguze. Ni rangi za Ethiopia, zina heshima yake kwa Marasta, sikukatazi. Lakini ziweke mahali padogo, uzi wa kofia au ukanda mwembamba chini, na nyuma ya kichwa liache tanga lenyewe.

Dredi zije mwisho, na zije kama lundo moja lenye uzito kabla ya kuwa nyuzi. Ziangalie kama unavyoangalia tanga lililokunjwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga: kuna upande mmoja wa mwanga, upande mmoja wa giza, na kati yao mikunjo michache inayotosha kukuambia yote. Chagua dredi sita au saba za mbele uzichore kwa uangalifu, kuanzia kwenye ngozi ya kichwa zinapootea. Zilizobaki ziyeyuke gizani.

Fanya kazi hii wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, hewa ikiwa kavu. Ikikauka barabara, acha wiki mbili, kisha paka vanishi ya akriliki isiyong'aa mikono miwili. Vanishi ya vyombo vya bahari inageuka manjano, iache bandarini. Unapotundika, gongomea vipande vya mbao vya sentimita 3 nyuma ya fremu ili isiguse ukuta na hewa ipite. Usiweke kioo. Usitundike mkabala na mlango unaopigwa na jua la alasiri. Nyuma, kwenye kitambaa kitupu, andika kwa penseli jina la mjomba wako na jina la jahazi lake.

Lakini kabla ya hayo yote, uso ukishakamilika na fuvu likiwa bado na upara, chukua kanga au taulo la dukani ufunike kichwa kuanzia paji kwenda juu. Mwite mteja mzee, mmoja wa waliosafiri na mjomba, usimwambie kitu, mwulize ni nani huyu. Akisema hamjui, au akisema Bob, rudi kwenye mashavu na taya, usiguse nywele. Mwite mwingine wiki ijayo. Siku mtu atakaposema "Lucky" bila kusitasita, ondoa taulo uanze dredi.